Wimbo Uliowekwa Saa ya Tatu

Mzee Mbuthia hakuwa mtu wa kusema jambo akiwa amekaa. Hata kama ni kuomba chumvi mezani, lazima angesimama, ashike ukosi wa koti, akohoe mara mbili. Kwa hiyo Jumapili ile ya mwezi wa Juni, mwaka wa 2006, akina mama wa kwaya ya Uthiru waliposikia kiti kikisukumwa nyuma, walijua wanahutubiwa.

"Akina mama," alisema, "nimepigiwa simu na studio. Ile diski tuliyopeleka haina kitu. Ni tupu. Mama yetu Annah tunampenda, tunamheshimu, lakini alirekodi kimya. Miezi mitatu ya kimya!"

Mtu mmoja alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

Annah alikuwa amekaa safu ya mbele, fimbo yake nyeupe imelala magotini. Alikuwa na miaka sitini na minne, na thelathini na mmoja kati ya hiyo aliimaliza akipiga taipu katika wizara moja mjini, chini ya wakubwa kumi na wawili. Sauti ya Mbuthia hakuwa akiisikia mara ya kwanza. Alikuwa ameisikia kwa wakubwa wote kumi na wawili. Watu wa namna hiyo huandika barua ya kurasa tatu kuomba kalamu moja, kisha husahau kuitia sahihi.

"Sasa," Mbuthia aliendelea, "uzinduzi wa albamu ni mwezi ujao, na mgeni wa heshima ameshakubali. Alhamisi tunarekodi upya mjini, kwa mtu mwenye macho yake. Na wimbo wa Wanjira utaimbwa na Jackie."

Hapo Annah alisikia pumzi ya Wanjira ikikatika kando yake. Pumzi tu, kwa maana Wanjira hakuwa na kingine cha kutoa. Mwezi wa Aprili daktari alimtoa uvimbe kooni, na tangu siku hiyo yule mwanamke aliyekuwa akisikika kutoka kanisani hadi barabarani aliongea kwa mnong'ono. Daktari alisema huenda sauti ikarudi kidogo. Kuimba, alisema, wasahau.

Wimbo wenyewe alikuwa ameutunga Wanjira. Ulikuwa wa shukrani, lakini si zile shukrani za jumla ambazo kila kwaya inazo. Alipofiwa na mume alihamia Uthiru na watoto wanne na godoro moja, na katika wimbo aliwataja kwa majina wote waliomshika mkono: aliyemwazima jiko la makaa msimu mzima, aliyemlipia mwanawe sare, yule mwenye nyumba aliyejifanya amesahau tarehe ya kodi. Aliuimba mwezi wa Machi, sebuleni kwa Annah, Kinoo, na Annah akaurekodi. Hakuna mahali pengine popote duniani ambapo sauti ile ilikuwa imewekwa.

Annah alikuwa ameyapoteza macho yake polepole, kwa ile presha ya macho isiyouma. Alipostaafu alikuwa anaona kivuli. Miaka miwili baadaye hata kivuli hakikuwapo. Watu walimwonea huruma, na huruma yao ilimchosha kuliko giza. Mmoja tu hakumwonea huruma. Huyo ni Nashon, opereta wa simu katika hospitali moja ya Parklands, naye haoni tangu utotoni. Nashon alimletea kompyuta kuukuu iliyotiwa programu ya kusoma skrini: sauti ya mwanamume, kavu, isiyo na pua wala kifua, iliyosoma kwa Kiingereza kila kilichokuwa mbele yake. Kisha akamtilia programu ya kurekodia muziki, kwa sababu Annah alikuwa amelalamika kwamba kwaya yao inaimba vizuri na hakuna anayeihifadhi.

"Panya hutamhitaji," Nashon alimwambia, akimaanisha kile kidude cha kubofyea. "Kila kitu ni vitufe."

Vitufe! Chuoni mwalimu wao wa taipu alikuwa akifunika mikono yao kwa kitambaa, na aliyechungulia alipigwa rula. Annah hakuwa ameangalia vitufe tangu mwaka wa 1962. Katika wiki tatu alikuwa akiizungusha programu ile kama sufuria ya jikoni kwake. Ile sauti kavu aliiita Karani, kwa kuwa ilisoma kila kitu na haikuelewa chochote. Sikio la kushoto alimpa Karani, la kulia akawapa waimbaji.

Alitundika mablanketi ukutani kuzuia mwangwi. Jirani yake Waithaka, fundi wa kuchomelea vyuma, alizima mashine kila alipogongewa bati, akakaa nje na vijana wake bila kufanya kazi mpaka agongewe tena. Hakuna siku aliyonung'unika. Annah aliliweka jambo hilo moyoni, kwa sababu Mbuthia, aliyekuwa mwenyekiti wa albamu hiyo, hakuja hata mara moja kuona inavyofanywa.

Nyimbo zilikuwa saba. Annah alizipanga kama alivyopanga majalada ya wizara, kila barua na ukurasa wake. Katika programu ile muda huhesabiwa kutoka sufuri, nawe ukibonyeza kitufe fulani ukaandika namba, inakupeleka pale pale. Basi wimbo wa kwanza aliuweka kwenye saa ya kwanza kamili, wa pili kwenye saa ya pili, wa Wanjira kwenye saa ya tatu, hivyo hivyo hadi wa saba. Katikati ya wimbo na wimbo palikuwa na kimya kirefu, lakini kimya hakikumpa taabu. Akitaka wa Wanjira, aliandika tatu, Karani akasema tatu, na Wanjira akaimba.

Walipoambiwa studio inataka kazi yote kama ilivyo, Annah aliichoma kwenye diski na Mbuthia akaipeleka. Siku nne baadaye stima ilipotea Kinoo nzima, ikarudi kwa kishindo. Annah alisikia mlio kama wa kiberiti kikubwa, kisha harufu. Karani hakusema tena, na kila kilichokuwa ndani ya mashine kiliungua naye. Ikabaki diski ile moja, mjini. Na sasa diski ilikuwa tupu.

Jumatatu asubuhi alimpigia Nashon.

"Hospitali, nikusaidie?"

"Ni mimi."

"Mathe! Karani mzima?"

"Karani tulimzika wiki iliyopita." Akamweleza yote: stima, diski, Mbuthia, Jackie.

"Ngoja kidogo. Wodi ya akina mama, endelea kushika," Nashon alimwambia mtu mwingine, kisha akarudi. "Ulipochoma hiyo diski, ilichukua muda gani?"

"Nilikunywa chai, nikaosha kikombe, nikakausha."

"Diski tupu inachomwa muda wa kupiga chafya. Hiyo imejaa, mathe. Huyo msee wa studio hajatafuta. Enda mwenyewe."

"Niende kufanya nini? Huko hakuna Karani."

"Kwani Kinoo yote hamna mtu wa kusoma? Tafuta karani mwingine. Hata asiyeelewa kitu. Huyo wa kwanza alikuwa anaelewa?"

Jumanne Annah na Wanjira waliingia mjini. Studio ilikuwa orofa ya tatu ya jumba moja nyuma ya River Road, juu ya duka la mabegi. Wanjira alitangulia, Annah ameshika kiwiko chake. Kwenye ngazi walikutana na mbebaji aliyekuwa na robota la mitumba mgongoni. Mzigo wote ule, lakini alijibana ukutani akawangoja, tena akasema, "Polepole mama, hiyo ya tatu imevunjika." Annah alimshukuru mara mbili.

Huko juu hawakukuta adabu kama hiyo.

"Sasa shosho!" sauti ya kijana ilisema, kama anayemsalimu nyanya yake, kabla hawajaketi, na hawakuonyeshwa pa kuketi. "Mmeleta maombi?"

Huyo alikuwa Clifford, mwenye studio. Wanjira alimnong'oneza Annah kwamba kijana amevaa miwani ya jua ndani ya chumba kisicho na dirisha. Annah alifikiri juu ya hilo kwa muda. Yeye mwenyewe alikuwa amelazimishwa kuishi gizani. Huyu alinunua giza dukani.

"Tumekuja kwa ajili ya diski ya Uthiru," Annah alisema.

Clifford alimgeukia Wanjira. "Anataka nini?"

Wanjira alinong'ona.

"Ati?"

Wanjira alinong'ona tena, akijikaza.

"Wueh! Mmoja haoni, mwingine haongei. Jackie, hii kwaya yenu mnatoanga watu wapi?"

Kwenye kochi kulikuwa na mtu wa tatu, kumbe. Jackie alikuwa mpwa wa Mbuthia, msusi wa nywele mwenye duka lake pale Uthiru, mama wa watoto wawili. Alikuja kujaribu sauti yake kwenye maikrofoni kabla ya Alhamisi. "Hamjambo akina mama," alisema kwa sauti ndogo. Annah aliitikia kwa ubaridi. Ameshakuja kuvaa nguo ya mwenzake kabla mwenyewe hajaivua, aliwaza.

"Hiyo diski iko wapi?" akauliza.

"Hapa." Kikasikika kikombe kikibanduka kutoka kwenye kitu kilichonata. Wanjira aliichukua diski bila kusema neno, akavua kitambaa chake cha kichwa, akaifuta chai iliyoganda, taratibu, kama anayefuta uso wa mtoto. Clifford aliitia kwenye mashine, akabofya, akabofya, akabofya.

"Si unaona? Sorry, huoni. Lakini huyu anaona. Tupu."

"Umetafuta wapi?"

"Shosho, hakuna kutafuta. Kama kuna muziki unaonekana. Hii kazi ni ya macho."

"Mimi nilidhani ni ya masikio," Annah alisema. "Niondokee kwenye kiti."

"Ati?"

"Simama, kijana."

Alisema kwa ile sauti ya ofisi, ambayo hata wakubwa kumi na wawili waliitii walipokuwa wamepoteza barua. Clifford alisimama. Annah alikaa, akakisukuma kile kidude cha kubofyea mpaka kikaning'inia kwa waya wake. Akaweka vidole penye vitufe. Kulikuwa na makombo ya chipsi kati ya kila herufi na herufi, na mafuta juu yake. Miaka thelathini na mmoja, na hajawahi kugusa kibodi kichafu namna ile. Alitoa leso, akakifuta kwanza.

"Wanjira, njoo upande wa kushoto. Sema kilichoandikwa."

Wanjira aliinama sikioni. "Kuna dirisha kubwa la kijivu. Pembeni kuna picha ndogo ndogo, moja kama mkasi, nyingine kama..."

"Usinieleze. Nisomee. Maneno tu."

"Yapi? Ni mengi."

"Yale yenye rangi tofauti. Nikibonyeza, rangi itahama, nawe uhame nayo."

Clifford alicheka nyuma yao. "Aki nikiambia watu hawataamini."

Annah alibonyeza mshale wa chini.

"Gitaa," Wanjira alinong'ona.

Akabonyeza tena.

"Sauti za juu." Tena. "Sauti za chini." Tena. Wanjira akanyamaza.

"Soma."

"Wanjira," Wanjira alisema. "Imeandikwa Wanjira."

"Niliandika mimi. Na mbele ya jina kuna nini?"

"Hakuna, Annah." Mnong'ono ule ulitetemeka. "Ni kijivu tu. Kweli hakuna kitu."

Hapo Annah aliingiwa na hofu kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Labda Mbuthia alisema kweli. Labda alikaa miezi mitatu sebuleni kwake na mablanketi ukutani, kikongwe anayecheza ofisi, na Waithaka akazima mashine yake bure. Vidole vyake vilibaki palepale. Karani asingetetemeka. Karani angesoma tu namba.

Namba.

"Wanjira, saa inasema nini?"

"Saa nne na robo."

"Si ya ukutani. Ya ndani. Chini au juu, mahali pana namba nyingi."

"Naiona. Sufuri, sufuri, sufuri. Sufuri zote."

Annah aligeuza kichwa kuelekea alikodhani Clifford yupo. "Wewe. Hiyo skrini inaonyesha wimbo kwa urefu gani?"

"Inategemea. Hapa kama dakika mbili. Kwa nini?"

"Dakika mbili tu? Si yote?"

"Yote itatoshea aje hapo, shosho? Mtu anasogeza."

"Na wewe ulisogeza?"

"Si ilikuwa tupu," Clifford alisema.

Annah alitaka kucheka, na alitaka kulia. Kosa lilikuwa lake pia, aliliona wazi. Kwa miaka yote tangu apofuke alidhani kwamba wenye macho, wakifungua kitu, huona kila kilichomo kwa mara moja, mwanzo hadi mwisho. Ndiyo maana hakuandika barua ya kueleza mambo yalivyopangwa. Nani humwandikia mtu mwenye macho kumwambia kitu kilipo? Kumbe nao huona kipande tu. Kumbe nao husimama mlangoni. Tofauti ni kwamba yeye, alipofika mahali akakuta kimya, aliendelea kupapasa. Huyu alifika mlangoni, akaona ukuta mtupu, akampigia simu mzee wa kanisa kutangaza kwamba nyumba haina watu.

Alibonyeza kitufe cha kwendea. Akaandika tatu. Akabonyeza.

"Imeruka," Wanjira alinong'ona. "Annah! Imejaa! Mistari yote minne. Kama viwavi vya kijani."

"Mbele ya jina lako?"

"Mbele ya jina langu ndiko vinono zaidi."

Annah alibonyeza kile kitufe kirefu cha chini.

Gitaa lilianza, kisha sauti za akina mama, kisha Wanjira. Sauti ilitoka kwenye spika zile kubwa za Clifford ikajaa chumba, pana, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni mwa maneno, sauti ya mwanamke aliyewahi kuita watoto wanne kutoka ng'ambo ya bonde. Ilimtaja mwenye jiko. Ilimtaja mnunuzi wa sare. Ilipofika kwa yule mwenye nyumba ilikuwa inacheka ndani ya wimbo.

Annah hakuuliza tena skrini inasema nini. Alihisi mkono wa Wanjira begani mwake, mzito, na akauacha.

Wimbo ulipoisha Clifford alikohoa. "Sawa, iko. Nilijua lazima iko mahali." Akasogea. "Lakini na Mzee Mbuthia tumeshaongea. Hiyo voko, hiyo sauti ya mama, ni ya zamani, haiwezi kuuza. Tunatoa hiyo line, tunaweka Jackie. Gitaa inaweza kubaki."

"Huyo wa jiko la makaa ni nani?" Jackie aliuliza kutoka kwenye kochi.

Hakuna aliyetarajia swali hilo. Wanjira alinong'ona, na Annah akapitisha jibu: "Anasema ni marehemu mama Ephantus, aliyekuwa anauza viazi kule stejini kwa matatu."

"Sikumkuta," Jackie alisema. "Na wa sare?"

"Hata huyo hukumkuta."

Kochi lililia. Jackie alikuwa amesimama. "Clif, mimi siimbi hiyo."

"Jackie, usianze. Ni maneno tu."

"Ni maneno ya watu. Mimi hakuna mtu aliniazima jiko. Nitasimama mbele ya kanisa nimshukuru nani? Watoto wa huyo mama Ephantus nawasuka nywele, wataniuliza nilimjulia wapi."

"Uncle yako atasema nini?"

"Wacha nimuulize."

Akapiga simu papo hapo. Annah alisikia kutoka ndani ya simu ile sauti iliyokuwa ikikohoa mara mbili, na akajua mzee amesimama. "Imepatikana, Uncle... Ndiyo, zote... Hapana, ilikuwa imejaa, ni huyu hakuangalia... Hapana, siimbi. Basi tafuta mwingine. Lakini huyo mwingine ataisikia kwanza, na akiisikia hatakubali... Sawa. Sawa, nitamwambia." Akakata. "Anasema wimbo ubaki kama ulivyo. Anasema hivyo ndivyo alivyotaka tangu mwanzo."

Wanjira alicheka. Kicheko chake hakikuwa na sauti, lakini Annah aliusikia mkono begani ukitikisika.

Annah alikuwa amemdhania Jackie vibaya, na alijua. Hakuwa mtu wa kuficha jambo la namna hiyo. "Mama," alimwambia, "nilikuwa nimekuhesabu pamoja na hawa. Nisamehe."

"Hata mimi ningejihesabu," Jackie alisema. "Kuna mahali akina mama wa chini wanaingia wachache. Naweza kuimba hapo, kama mwenye wimbo atakubali."

Wanjira alikubali kwa kichwa. Annah aliambiwa na Jackie kwamba amekubali.

Clifford alikuwa angali amesimama katikati ya studio yake, mikono haina kazi. "Kwa hivyo mtamaliza saa ngapi? Kuna msanii anakuja saa sita."

"Msanii atangoja kwenye ngazi," Annah alisema. "Nataka kupita nyimbo zote saba, halafu utanichomea diski tatu, nikiwa nimekaa hapa. Wanjira, uko tayari? Naandika nne."

"Niko," Wanjira alinong'ona, lakini neno lilikwaruza likakatika, kwa maana asubuhi ile alikuwa amesoma mengi kuliko alivyoruhusiwa.

Annah alisimamisha vidole. "Kijana," alisema bila kugeuka, "shuka chini umletee huyu mama chai. Iwe ya vuguvugu, si ya moto. Ana koo."

Viatu vya Clifford vikaelekea mlangoni.

"Vua hiyo miwani kwanza," Annah alimwambia. "Ngazi ya tatu imevunjika, na wewe huwa hutazami."